Kristali ya Yuma

Lehemu ikichomwa hutoa moshi mweupe wenye harufu ya utomvu, na aliyeizoea huitambua hata akiwa upande wa pili wa barabara. Mawese yaliyolala muda mrefu nayo yana harufu yake, kali kidogo, inayokwama kooni. Harufu hizo mbili sijawahi kukutana nazo pamoja isipokuwa kwenye baraza la nyuma la nyumba ya Bibi, Ujiji, na sikutegemea kuzisikia tena. Lakini siku tulipomsomea Mjomba Amisi arobaini yake, Mama alinivuta pembeni akanikabidhi boksi la bati lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Alisema upewe wewe," aliniambia. "Sijui kuna takataka gani humo." Nikalibeba hadi kwangu Katubuka, nikalifungua mchana watoto wakiwa shuleni. Harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Nikakaa sakafuni na nguo zangu za kazini, nikalia kwanza, ndipo nikatazama.

Wa rika langu waliokulia Kigoma hawahitaji kukumbushwa miaka ile ya vita vya Kongo. Shule zilifungwa, madarasa yakalaza watu. Boti zilikuja zimejaa magodoro, cherehani, mbuzi na watoto waliokaa kimya kuliko watoto wanavyopaswa kukaa. Kila nyumba ya Ujiji iliyokuwa na ndugu ng'ambo ya ziwa ilipokea watu wake, na sisi tulimpokea Mjomba Amisi, mtoto wa dada yake Bibi aliyeolewa Uvira. Kwa Mama alikuwa ndugu, kwangu mjomba. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto pekee ndani ya nyumba ya wanawake watatu nikijihesabu na mimi, na nilifurahi mno kupata mgeni hivi kwamba sikuona sababu ya watu kumlaki kwa machozi. Nilidhani wanalia kwa kuwa amekonda.

Kule Uvira alikuwa fundi wa redio. Alifika na mkoba mmoja tu: bisibisi zake, chuma cha lehemu, shati moja, na rimoti. Si rimoti ya televisheni. Ilikuwa boksi jeusi la plastiki lenye antena ndefu ya kuvuta na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba, kimoja cha mwendo, kingine cha usukani. Ilikuwa ya gari la kuchezea la umeme, lile la mashindano linalopita kwenye mchanga na mashimo, ambalo mteja wake mmoja alimwachia alipohama. Yeye na mwanawe Yuma walilibomoa na kuliunda upya mara nyingi kuliko walivyoliendesha.

Habari ya Yuma alitusimulia mara moja, na hakuirudia. Siku waliyokimbia, ufukweni watu walikuwa wakigombania boti, na wenye boti wakasema watoto na wanawake kwanza. Mkewe alishafariki Yuma akiwa bado anatambaa, kwa hiyo alimkabidhi mtoto kwa mama mmoja jirani. Yuma alikuwa na miaka minane. Gari lake lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni aliokuwa ameukumbatia, rimoti mkononi, na kwa woga akawa anasukuma vijiti, gari linanguruma ndani ya mfuko. Mtu akapiga kelele kwamba kuna bomu. Watu wakaanza kusukumana. Mjomba akampokonya rimoti.

"Nilimwambia, nitakurudishia tukifika ng'ambo," Mjomba alisema, akimtazama Bibi. "Alikuwa analia. Nilimwambia hivyo tu, nitakurudishia."

Boti ile ikaondoka. Yake iliondoka saa kadhaa baadaye ikafika salama Kagunga, kijiji cha mpakani upande wetu. Ile ya kwanza hapakuwa na mtu aliyejua imefika wapi. Wengine walisema imetia nanga upande wa Burundi, wengine walisema watu wake wamepelekwa kambini moja kwa moja. Bibi alishika maneno ya hao wa pili na hakuyaachia. Tangu siku hiyo kila alipopakua chakula alipakua na sahani ya Yuma, akaifunika kwa kawa na kuiweka juu ya kinu. Jioni, Yuma asipotokea, sahani ile nilipewa mimi, na ndiyo sababu katika picha zote za mwaka ule nina mashavu.

Mjomba naye alikuwa na utaratibu wake. Siku za boti kutoka Kagunga alikwenda Katonga, kwenye soko la samaki, akasimama pale zinaposhusha watu na mizigo, akavuta antena, akawasha rimoti na kusukuma kijiti cha mwendo. Alinichukua mara mbili. Aliniambia kwamba kama gari limo ndani ya mzigo wa mtu, na kama swichi yake haikuzimwa, litalia. Siku moja askari alimkamata, akitaka kujua anaongea na nani kwenye redio ile.

"Naongea na mutoto wangu, afande," Mjomba alimjibu.

"Mtoto wako yuko wapi?"

"Ndiyo ile natafuta kujua."

Askari akamrudishia rimoti na kumwambia asimame upande wenye kivuli. Mimi maneno yale niliyachukua kama yalivyo. Niliamini kwamba rimoti inaongea na Yuma mwenyewe, kwamba popote alipo anaisikia, na kwamba siku moja ataifuata sauti ile mpaka mlangoni kwetu. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa sikumuuliza mtu. Mtoto anayejua jambo kwa hakika haulizi.

Kisha ikaja siku ya gazeti. Mjomba alirudi kutoka Katonga mapema, na mkobani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti lililolowa. Hakula. Bibi alimuuliza kama kuna habari, akasema hakuna. Alikaa baraza la nyuma mpaka alasiri, ndipo akafungua gazeti, nami nikachungulia. Lilikuwa gari, au mifupa ya gari: bapa la plastiki nyeusi chini, mota, gia, magurudumu mawili tu, halina bodi. Mchanga ulikuwa umejaa kila tundu, na lilinuka dagaa, lakini enzi zile Kigoma nzima ilinuka dagaa.

"Umelitoa wapi, Mjomba?"

"Kuna muzungu mumoja kwa gereji ya magari ya misaada. Alitupa."

"Limekufa?"

Alipuliza mchanga kwenye gia. "Ilikufa," akasema. "Tutaiamsha."

Hapo mimi niliamua kwamba gari ni langu. Nani mwingine ndani ya nyumba ile angecheza na gari? Nilikimbia kumwambia Mama kwamba Mjomba ananitengenezea zawadi, na Mama akanambia nipunguze kelele, mtu ana huzuni zake. Mimi sikuona huzuni. Niliona mtu aliyeinama juu ya gari langu kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama.

Siku tatu za mwanzo alikuwa akiosha tu. Alitoa kila skrubu, akasugua kila gia kwa mswaki, akamimina maji, akarudia. Nilichoka kumngoja. Kipokezi, kile kidude kinachosikiliza rimoti, kilikuwa kimeota kutu ya kijani ndani, akakitupa. Chini ya bapa alibandika kipande cha mpira wa tyubu, akakibana vizuri na gundi. "Hii ya kuzuia mawe," alisema. "Hapo hapana fungua." Nikaitikia. Nilikuwa tayari kuitikia lolote.

Baada ya hapo ndipo ufundi ulipoanza, na sijapata kuwa na furaha kama ile. Mzungu wa gereji alikuwapo kweli. Yeye na wenzake walishindanisha magari ya namna hiyo Jumapili kwenye kiwanja cha vumbi, na likiharibika la mmoja wao walimpelekea fundi mmoja tu, Mjomba wangu. Kutoka kwao alipata betri, kipokezi kingine kizima, na skrubu zinazoingia. Vilivyobaki tuliviunda. Magurudumu mawili yaliyokosekana tulichonga kwa kandambili, tukayafunika kwa mpira na kuacha matuta yanayokwenda kwa upana ili yachote mchanga. Shokapu nne zilikuwa mabomba ya sindano. Springi alizikunja mwenyewe kwa waya wa breki ya baiskeli, akiuzungusha kwenye msumari, pete kwa pete, na ile isiyolingana na wenzake aliinyoosha na kuanza upya.

Ndani ya mabomba tulijaza mawese. Shokapu bila mafuta, alinifundisha, ni springi tu, na gari litadunda. Lakini mawese yana tabia zake. Asubuhi yalikuwa yameganda, gari likawa kama limekaukiwa viungo. Saa sita yalikuwa maji, likarukaruka. Mjomba akayachanganya na mafuta ya cherehani ya Mama, tone kwa tone, na kila mchanganyiko tuliujaribu kwa kuliinua gari mpaka usawa wa goti langu na kuliachia lianguke.

"Ilirudi juu?" aliniuliza, yeye akiwa amelala kifudifudi, macho usawa wa sakafu.

"Limerudi kidogo."

"Basi bado. Gari yenye kuruka haishike udongo. Inatakiwa ianguke, ikae, ivumilie."

Tuliliangusha mara mia labda. Siku lilipoanguka likakaa, likashuka polepole na kutulia juu ya miguu yake minne, alinipa mkono kama mtu mzima. Vivyo hivyo kwenye gia: ukibana mno zinasaga, ukilegeza zinatafunana. Alinichania karatasi ya daftari, akaipitisha katikati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, akakaza, kisha akaizungusha itoke. "Itoke na alama, isipasuke," alisema. Daftari langu la hesabu liliisha kabla ya gia kukubali, na shule zilipofunguliwa mwalimu akanichapa, nami nikachapwa kwa fahari.

Gari likakamilika. Bodi tulikata kwenye dumu la mawese, la njano, na nikalipaka maua kwa rangi ya kucha. Mota ilizunguka ukiigusisha betri moja kwa moja. Usukani uligeuka kwa mkono bila kukwama. Ila halikwenda.

Sababu yake ilikuwa kristali. Ndani ya rimoti mna kichuma kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kina miguu miwili, unakichomeka kwenye tundu lake. Ndani ya gari mna kingine. Ni pacha, Mjomba alinieleza, zinajuana sauti. Usipokuwa na pacha, gari halisikii hata ukipiga kelele siku nzima. Kipokezi cha mzungu kilikuja na kristali zake mbili, zenye alama ya buluu, moja ya gari, moja ya rimoti. Rimoti ya Mjomba ilikuwa na yake yenye alama nyekundu. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho: toa nyekundu, chomeka buluu, gari liende.

"Si tubadilishe?" nilimwambia, Bibi akiwa amekaa hapo hapo akichambua mchele.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hii iko ya Yuma. Iko na mwenzake kwa gari ya Yuma."

"Mwache mwenzio," Bibi alisema. "Yuma akija na gari lake, likute nini? Likute rimoti imezibwa masikio?" Kisha akamgeukia Mjomba. "Umefanya vyema, Amisi mwanangu. Usiitoe."

Mjomba aliinuka akaenda kunawa. Kristali za buluu akaziweka ndani ya kiberiti, kiberiti juu ya dirisha, na gari likakaa barazani na maua yake wiki baada ya wiki. Nilichoona mimi ni kwamba hasukumi tena vijiti Katonga. Rimoti ilikaa tu mkobani. Nilidhani betri zake zimekwisha, na nikamwonea uchungu kwamba hana wa kumnunulia. Tena alikuwa amenyamaza. Wakati wa kuunda aliongea. Sasa alikaa na gari mapajani akizungusha gurudumu moja kwa kidole. Nikafikiri kwa akili zangu zote za miaka kumi, nikaona kinachomuumiza: amejenga kitu kizuri hajapata kukiona kinatembea.

Ijumaa moja, alipokwenda msikitini na Mama akawa sokoni, nikachukua kiberiti. Nilitoa kristali nyekundu kwa koleo, nikaifunga kwenye pindo la mtandio wangu kama Bibi anavyofunga hela zake, nikachomeka buluu mbili, moja huku moja kule. Nikabeba vyote mpaka ufukweni, pale ziwa lilipojivuta nyuma na kuacha uwanja mpana wa mchanga. Nikavuta antena. Nikasukuma kijiti.

Sijui niwaelezeje. Liliondoka. Lilitoa sauti nyembamba, matairi ya kandambili yakarusha mchanga nyuma, na kigari chetu kikapanda tuta, kikaruka, kikaanguka, kikakaa, kikavumilia, kikaendelea. Nilikimbia nyuma yake nikipiga vigelegele. Nilikimbia mpaka kwenye mitumbwi na kurudi, mtandio ukipepea, watoto wa jirani wakinifuata, na sikumwona Mjomba mpaka gari lilipoelekea kwake. Alikuwa amesimama na kanzu yake ya Ijumaa. Lilikwenda likasimama mbele ya vidole vya miguu yake.

Alikaa chini pale pale, na kanzu. Akaweka kiganja juu ya maua ya rangi ya kucha, mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua anacheka.

"Umeona, Mjomba? Linakwenda! Na kristali ya Yuma ninayo, hii hapa." Nikashika pindo la mtandio. Fundo langu lilikuwa fundo la mtoto. Hapakuwa na kitu.

Nimekosa mengi maishani na mengine nimeyasahau, lakini ule utupu wa kitambaa kati ya vidole bado naujua. Nilianza kupiga magoti na kufukua kwa mikono kama kuku. Nililia nikisema Yuma, Yuma, maana kichwani mwangu jambo lilikuwa wazi kabisa: alikuwa njiani, alikuwa anaifuata sauti, na sasa nimeizima akiwa katikati ya maji. Mjomba hakunipiga. Hakunigombeza hata kwa neno. Aliondoka, akarudi na beleshi na chekeche la fundi ujenzi wa jirani, akakunja kanzu, akasema, "Anzia pale kwa mitumbwi. Mimi nitachota, wewe tikisa."

Tulichekecha mchanga siku tatu. Asubuhi mpaka jua linapozama, beleshi kwa beleshi, tukipanga mistari ili tusirudie. Tulipata vishikizo, magamba, ndoano, sarafu ya zamani ya Kongo. Mjomba alilia siku zote tatu, waziwazi, bila kujifuta, machozi yakimwangukia juu ya chekeche, nami nililia kwa kuwa yeye analia. Mama alituletea chai na mihogo, akakaa kidogo nasi. Habari ilienea mtaani kwamba yule mkimbizi wa kwa Bi Zaituni, ndiye Bibi yangu, amepotezewa kile kidude chake cha kumwitia mtoto, na watu wakaja. Walikuja wawili watatu, wakachuchumaa, wakamshika mkono.

"Pole, Amisi."

"Asante, ndugu yangu. Ni kazi ya Mungu."

"Pole sana, baba."

"Tumepoa. Asanteni. Mungu awalipe."

Niliwasikia nikashangaa kidogo kwamba watu wazima wanaweza kuwa na adabu nyingi hivyo juu ya kichuma. Aibu ilinijaa zaidi. Siku ya tatu, jua likiwa linashuka, Mjomba akaegemeza chekeche kwenye mtumbwi na kusema, "Basi. Imetosha." Akatwaa rimoti, akaniwekea mikononi. "Endesha sasa. Iko yako." Nami sikutaka. Nililiendesha kwa kuwa aliniamuru, na yeye alitazama mpaka betri ilipokufa.

Hatukumwambia Bibi. Miguu yake haikuwa ikifika tena ufukweni, na Mjomba alituapisha mimi na Mama tusimwambie kwamba kristali imepotea; majirani nao akawaomba hivyo hivyo. Bibi alikufa baada ya masika mawili, sahani ya Yuma ikiwa juu ya kinu, imefunikwa. Sikuila ile. Kwa miaka mingi kila nilipoona boti inakuja kutoka kaskazini nilijificha, nikiogopa kwamba atashuka kijana na kuniuliza nani alizima. Hata nilipokua na kujua kwamba kristali si chochote, kwamba rimoti haivuki hata uwanja wa mpira, mahali fulani ndani yangu niliendelea kuamini. Sikumwambia Mjomba. Aliishi nasi Ujiji mpaka mwisho, fundi wa redio, baadaye wa simu, hakuoa tena, akawachezesha watoto wangu magotini na kuwakunjia springi. Mara kadhaa nilikaribia kumwomba msamaha. Nilimwona anacheka na watoto, nikaacha.

Sasa boksi liko miguuni pangu. Gari limo, maua yamefifia, mawese yamevuja na kuwa gundi. Rimoti imo. Kiberiti kimo, kitupu. Nikachukua bisibisi, nikitaka kulisafisha kabla watoto hawajarudi, na kile kipande cha tyubu kilichobandikwa chini kilikuwa kimekauka na kunyanyuka pembeni. Nilikumbuka kwamba hapo hapana fungua. Lakini kilibanduka chenyewe nilipokigusa, kikatoka kizima mkononi mwangu.

Chini yake plastiki imekwaruzwa kwa msumari, herufi kubwa zilizopinda, za mtoto aliyejifunza kuandika juzi. YUMA WA AMISI.

Nilifikiria ule mchanga kwenye gia, na harufu ya dagaa, na gazeti lililolowa. Nilifikiria wavuvi wa Kagunga wakivuta nyavu, na mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri unavyoweza kuelea. Nilifikiria kwamba tangu siku ile hakuwasha tena rimoti Katonga, na kwamba sababu haikuwa betri. Alikuwa anajua kwamba boti ile haikufika. Alijua alipokuwa anaosha siku tatu, alijua tulipoliangusha mara mia, alijua Bibi alipomwambia usiitoe. Gari la Yuma lilikuwa limeshafika kwetu, na ni mimi niliyeliendesha mpaka miguuni pake. Hapakuwa na gari jingine popote duniani la kusikia ile kristali niliyoipoteza. Na bado alikwenda kuazima chekeche.

Bibi alikuwa hai na sahani yake. Matanga hayakuwezekana ndani ya nyumba ile. Ilibidi Mjomba apate kitu cha kulilia mbele za watu, na mimi nilimpatia. Siku tatu alikaa chini, siku tatu watu walikuja wakamshika mkono wakampa pole, naye akaitikia kama mfiwa anavyoitikia, nami nikawa namtikisia chekeche.

Kuna jambo moja la siku ile ya tatu nililokuwa nimelisahau, au nililiona dogo. Kabla hajasema basi, Mjomba alinawa mikono ziwani, akageukia maji, akainua viganja na kusoma Fatiha kwa sauti ya chini. Nilidhani anaomba kristali ionekane. Nikasimama pembeni yake, nikainua na mimi viganja vyangu vyenye mchanga, nikafumba macho kwa nguvu nikiomba hivyo hivyo. Alipomaliza alingoja. Hapakuwa na mtu mwingine, kwa hiyo niliitikia mimi. Amina.